Ombi la Nne

Mjukuu wangu Salma,

Sisi huku Kibuli tu wazima, na dada yako amejifungua binti. Umeuliza kama tuombe mara ya nne mahakama izuie Mama Amina asikabidhiwe kiwanja alichoshinda, mpaka rufaa yetu isikilizwe.

Nilipokuwa msichana, baba yangu aliomba hivyo mara tatu, ili tusihame nyumba ya mjane mmoja Old Kampala. Nilimbebea makaratasi, nikiamini tunaonewa. Ombi la tatu lilipokataliwa, tulimpelekea mjane funguo kwenye chumba alichopanga. Binti yake akatufungulia.

"Mama tumemzika Ijumaa," akasema.

Baba alibaki amenyoosha mkono wenye funguo, wala hakuna aliyezipokea.

Mama Amina bado yu hai, mjukuu wangu.

Bibi yako,
Zaituni