Bila Kusimama Njiani

Jumatatu, 3 Juni 2024

Umeamkaje, moyo wangu? Umelala salama? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Nyumba kimya – baba Dorah tulimzika mwaka juzi, Dorah mwenyewe kapata kazi Shinyanga, anakaa Ngokolo. Nabaki kuongea na wewe, uliyepasuliwa hospitalini ukashonwa valvu.

Leo nimeanza mazoezi. Daktari kasema nitembee nusu saa kila asubuhi, haraka, bila kusimama. Nikizoea, naruhusiwa kurudi kwenye mpira wa pete. Bila kusimama – hapa Ushirombo! Kila mkubwa nikimkuta nipige goti, niulizwe watoto, ng'ombe, pamba. Bodaboda naye kaniziba njia: "Mama Dorah, panda, nakupeleka bure." Nikamwambia natembea tu. "Unatembea kwenda wapi?" Nikamzunguka, nikapita.

Jumatano, 5 Juni

Leo sikusimama. Mzee Maduhu alikuwa getini kwake na wenzake, nikamwamkia shikamoo huku napita. Goti sikupiga. Nikamsikia nyuma yangu: "Wamempasua kifua, wakatoa na adabu." Wakacheka. Nimesali rozari njia nzima ili nisilie.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa Euphrasia, kapteni wetu wa mpira wa pete, kanivuta pembeni. "Mwenzangu, watu wanasema unaringa." Nikamweleza ya daktari. Kacheka mpaka kashika ukuta. "Si ungesema!" Palepale akawatangazia watu wote nje ya kanisa. Nimefurahi. Sasa wataelewa.

Alhamisi, 13 Juni

Wameelewa. Wananipisha njia kama nimebeba mayai. Mzee Maduhu kaniwahi kwa mbali: "Pita mwanangu, usisimame, tutasalimiana ukipona." Nusu saa nzima sikuulizwa habari hata moja. Pumzi ninayo, miguu inakwenda. Nimerudi nyumbani sijaongea na mtu.

Jumamosi, 15 Juni

Kesho sikukuu ya somo wa parokia, mtakatifu wetu, tunacheza na akina mama wa Runzewe. Leo mazoezini wameniingiza. Hakuna aliyenirushia mpira. Naita, "Hapa, hapa" – Euphrasia ananitazama, halafu anamrushia Loveness. Hata aliyetakiwa kunikaba kasimama mbali, mikono nyuma. Nimekimbia mchezo mzima mikono mitupu. Sikuchoka, Mungu shahidi, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikawaambia: nichezesheni kama mtu, au niacheni nyumbani. Nikaondoka.

Jioni hii Euphrasia kaja. Loveness kapata msiba, kesho hachezi. "Unaanza wewe," kaniambia. "Lakini tuelewane, Mama Dorah. Wale wa Runzewe hawajui habari za kifua chako, watakukaba. Na sisi tukikurushia, tunarusha kweli. Tukurushie, au niwaambie tumepungukiwa mtu?"

Wiki nzima nimelitaka neno hili. Limekuja, nimelikimbia. Nimemwambia naangalia chai, kumbe niko chumbani naandika. Yeye yuko sebuleni, namsikia anakohoa. Sala nimesali, bado sijui. Wewe ndiye uliyepasuliwa, moyo wangu. Nimwambie nini? Nijibu upesi, mgeni anasubiri.