Tangi la Uani

2 Machi

Mwanangu,
Hujambo? Sisi wazima, ila goti langu limeanza tena ukorofi wake. Ahsante kwa tangi la maji! Rafiki yako wa kazini kalileta jana, mafundi wakalifunga uani hapohapo. Majirani wote wanateka kwangu, hata yule aliyeninunia mwaka mzima. Kuzaa si kazi, kazi kulea!
Mama yako

5 Machi

Mama,
Shikamoo. Pole na goti. Mama, mimi sikutuma tangi, na rafiki huyo simjui. Kesi niliyonayo ofisini ni ya matangi ya zahanati: serikali ililipa, hayakufika. Sisi wakaguzi hatuko chini ya waziri wala mkurugenzi, kwa hiyo wezi wa mali ya umma wakitushindwa huwaendea wazazi wetu. Hebu tazama ubavuni kama lina maandishi. Usingizi sipati.
Mwanao

8 Machi

Mwanangu,
Salamu nyingi. Maandishi yamekwanguliwa, lakini "zahanati" inasomeka. Ole wangu! Yule bwana karudi leo, kacheka weee, kasema wakija wakaguzi niseme nimelinunua kwa pesa za kuku, la sivyo utaonekana wewe umehongwa. Nidanganye? Mara moja tu, kwa ajili yako?
Mama yako

10 Machi

Mama,
Shikamoo. Nimeshamweleza bosi kila kitu, nami nimetolewa kwenye kesi. Wenzangu watakuja kwako bila mimi. Naogopa, sikufichi, naweza kusimamishwa kazi. Lakini tukidanganya sisi, nani atawauliza wale? Sema kweli, mama.
Mwanao

15 Machi

Mwanangu,
Natumaini unakula. Walikuja wawili. Chai yangu waliikataa, nikaona hata adabu hawana. Nikawaambia nani alileta tangi, na kwamba nilipokea bila kuuliza kwa sababu nilitaka majirani waone kuwa na mimi nimezaa. Aibu ilinishika, mwanangu. Yule wa miwani akaniuliza polepole, "Mama, unajua maneno haya yanaweza kumponza mwanao?" Nikamjibu, "Najua. Ndiye aliyenituma niyaseme."
Tangi wameondoka nalo. Nakupigia simu hupatikani. Nijibu, hata neno moja: bado una kazi?
Mama yako

19 Machi

Mama,
Shikamoo. Nimesimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Bosi alinisomea maelezo yako, nikalia mbele yake bila haya. Nakuja nyumbani Jumamosi. Majirani wakikuuliza, usiwaambie niko likizo.
Mwanao