Bariere ya Rwekubo

Mbarara, 6/3/2012

Yaya Pascaline, dada yangu mukubwa,

Jambo sana. Mutoto ananyonya vizuri? Mimi na bwana yako Gervais, shofere wetu, tuko bazima, ni miguu tu njo inauma.

Yaya, tribinali ilianza, kesi yetu na distrikti! Avoka wetu alionesha juge karatasi ya ruhusa ya taksi yetu, ile ya serikali ya Kampala: "Hii inafungula barabara yote ya Uganda." Avoka wa distrikti naye: "Kampala ni mbali! Huku taksi inaingia kambi ya Nakivale na ruhusa yetu." Juge akaandika, akaandika.

Wiki kesho njo mimi nitasema, juu nilikuwa konda siku balitufungia bariere, ule muti wa kufunga barabara, pale Rwekubo. Naogopa kusema mbele ya batu. Tukishindwa, taksi haitaingia tena Nakivale, na bamama batarudia kubeba mihogo kichwani.

Mudogo wako, Modeste

Nakivale, 9/3/2012

Mudogo wangu,

Tuko bazima, mutoto analia kama pasta anahubiri. Weye hata chai unaagizaka na kidole! Fungula kinywa. Sema tu ile macho yako iliona. Jirani Mama Kantengwa amepita hapa na mufuko ya mihogo kichwani, akauliza: "Taksi inarudi lini?"

Yaya wako

Mbarara, 15/3/2012

Yaya,

Salamu mingi, na usikie! Juge aliniuliza nani alifunga bariere. Nikaangalia kwanza Gervais, vile kwetu mudogo haongeake mbele ya mukubwa bila ruhusa. Akakubali na kichwa. Ooo! Avoka wa distrikti akaruka: "Muone! Anamufundisha ya kusema!" Juge akafukuza Gervais inje. Akaniambia: "Kijana, ukiangalia tena mulango, nakutupa nawe inje na maneno yako."

Nikabaki peke yangu. Nikasema yote: gari ya polisi ya Kampala ilikuwa nyuma yetu, na askari wa distrikti akabaomba nao karatasi ya ruhusa ya distrikti! Polisi bakacheka, bakanyanyua muti ya bariere benyewe, tukapita. Kesho yake bakatufungia tena.

Juge akauliza avoka: "Na polisi nao banakosa ruhusa yenu?" Avoka akafunga faili! Hukumu ni wiki kesho, siku ya tano, tarehe 23.

Mudogo wako

Nakivale, 24/3/2012

Modeste,

Jambo. Uko muzima kweli?

Jana honi ililia, nikakimbia na mutoto. Taksi imejaa mupaka mulango! Gervais akapiga kelele: "Tumeshinda! Karatasi ya Kampala inatosha. Distrikti itachagua tu fasi ya taksi kusimama."

Nikakutafuta fasi ya konda, hauko. Gervais akacheka: "Bashofere ya Kikagate nao bamefungiwa bariere kwao. Bamemubakisha Modeste kule, anabafundisha vile batu banasemaka mbele ya juge."

Weye, wa kuagizaka chai na kidole! Nikakaa chini, nikacheka mupaka mutoto akaogopa.

Baki kwanza, usirudi mbio. Leo konda ni mimi, na mutoto mugongoni.

Yaya wako