Moshi wa Nyumba Tatu

Mwanangu mpenzi Ndue,

Salamu nyingi zikufikie huko Athene, wewe, mkeo Vitore na mjukuu wangu. Kifua kimepona? Usipande majukwaa ya ujenzi na kikohozi, nakuomba. Mimi mzima, ila magoti. Mbuzi wazima. Plamu zimeozea chini mwaka huu, maana mama yako hatulii.

Uliniuliza wageni wanalionaje bonde letu. Nakupa kama alivyonipa Zef, yule anayewaleta kutoka mjini Shkodra kuangalia maporomoko ya maji. Maporomoko wanayasifu mpaka basi. Njia wanailalamikia, na mbwa wa wachungaji wanawatoa roho. Lakini kubwa ni kijiji. Zef alisema mwaka jana waliandika kwenye simu zao kwamba pazuri ila pamekufa, madirisha yote yamefungwa, kulala wanaogopa. Mwanamke mmoja tu wa Kiholanzi ndiye aliyefurahi, akasema hapa ni peponi, hakuna watu. Nikamwambia Zef amuulize, akiteleza huko peponi kwake nani atamwinua. Zef akacheka, kisha akasema wenzake wanataka kuwahamishia wageni bonde la pili, lenye watu.

Tangu hapo usingizi ukanihama. Nilijua unavyotamani kurudi ufungue vyumba vya wageni katika nyumba ya marehemu baba yako. Wageni wasipopita, utamlaza nani?

Basi nikachukua funguo. Prenda alipohamia kwa bintiye mjini, na Pashk alipokwenda Italia, waliniachia nyumba zao nizipitishe hewa. Nikaanza kuwasha moto kila asubuhi, kwanza kwetu, halafu kwa Prenda, halafu kwa Pashk, nikikimbia kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Wageni wakaona moshi, wakasema kijiji kinapumua. Zef hakuuliza, na mimi sikumwambia.

Jumapili Zef aliwaleta mtu na mkewe. Walikunywa kahawa kwangu, wakaondoka. Mara nikawaona wamesimama kwa Prenda, wanabisha. Ndue, unajua mwenyewe: nyumba yenye moto isiyomfungulia mgeni inaaibika, na Prenda hayupo kujitetea. Ningemchafulia jina kwa moshi wangu. Nikapita nyuma kwenye miplamu, nikaingia kwa mlango wa zizi, nikajifunga kitambaa cheusi cha Prenda, nikafungua huku nahema. Nikawakaribisha kama sijapata kuwaona. Yule mwanamke akanitazama usoni, kisha akatazama soksi zangu nyekundu. Kahawa akainywa yote.

Zef akafika kutoka kuwanywesha maji farasi waliokuja nao. Akaniangalia, akauliza, Mama Drane, na kwa Pashk utatufungulia na masharubu? Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu kicheko kikageuka kilio. Zef akawaeleza wale wageni kwa lugha yao. Mwanamke hakucheka. Aliosha vikombe, akavipanga kwenye kabati la Prenda, wakaenda zao. Watakachoandika sikijui.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Ile picha niliyomwomba Zef akutumie mwezi wa tano, yenye moshi kwenye mapaa matatu, nikakuambia Prenda na Pashk wamerudi na kijiji kinaamka: moshi wote ule ni wangu. Hakuna aliyerudi. Vitore amenipigia kwamba mwisho wa mwezi unaaga kazini na mtoto ameshaambiwa ana shule huku. Shule imefungwa, mwanangu, ina kufuli na kutu. Nilitamani sana urudi, nikakuvuta kwa moshi kama nyuki anavyovutwa na ua. Usiage kazi kwa ajili ya picha ile.

Nisalimie Vitore, asinichukie. Mbusu mtoto kwenye paji la uso. Funguo za watu nimezitundika, sizigusi tena. Leo ukitazama kutoka kwenye kona ya barabara, utaona moshi mmoja tu. Ukija, uje kwa huo.

Mimi mama yako,
Drane