Brashi Uliyonipa Nilipostaafu

Gongoni,
Jumapili alasiri.

Mke wangu Mama Mghoi,

Naanza na goti lako, kwa maana katika barua yako iliyopita uliandika habari za kila mtu isipokuwa hilo. Je, unaweza kushuka mtoni bila fimbo? Na mama yako mzazi, bado anakataa dawa za zahanati? Nijibu yote mawili, wala usiniandikie tu kwamba mnaendelea vizuri. Mimi ni mzima. Macho yananiuma kidogo mchana kwa weupe wa chumvi, lakini karani wa stoo ya kiwanda cha chumvi, kama mimi, halazimiki kuitazama siku nzima.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa na jambo ambalo sikutaka kulisema nusu. Linahusu brashi ya kunyolea uliyoninunulia Voi mwaka niliostaafu ualimu. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujanuna.

Unakikumbuka kisanduku chake, na ile picha ndogo ya mnyama iliyochapwa kifunikoni. Wewe ulisema ni mbwa. Mimi nikakusahihisha, nikasema ni nungunungu, kwa kuwa mgongo wake ulikuwa na miiba. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Sote wawili tulikosea, na kosa langu ndilo kubwa, kwa maana ndimi niliyesema kwa uhakika.

Mwenye nyumba yangu, Mzee Aboud, nilikwisha kukutajia. Ni mshona kofia wa zamani, mzaliwa wa Mambrui, mgane, anayeishi na binti yake mkubwa, Bi Zuhura. Kiharusi kilimpoozesha mkono wa kulia kabla sijahamia kwake. Nilipofika hapa, mwaka uliofuata ile njaa ya mahindi ya manjano, watu wa huku walinisalimu kwa adabu na kupita. Si wabaya. Ila adabu yao ina mlango, na mgeni hujua mahali unapofungwa. Jioni nilikaa chumbani na redio mpaka betri zikaisha, kisha nikawasikiliza majirani wa nyumba ya pili wakicheka.

Alhamisi moja nilimkuta Mzee Aboud barazani, amejikata shavu mara tatu kwa mkono wa kushoto. Kinyozi wake alikuwa amehamia Malindi mjini, na kesho yake ilikuwa Ijumaa. Hakutaka kwenda msikitini akiwa hivyo. Niliingia ndani, nikatoka na brashi yako, kikombe, sabuni na wembe. Nikamwamkia, nikamwomba aniruhusu nimalizie.

Alinitazama sana. "Mwalimu," akasema, "ukinikata sikio, hotuba ya kesho utanisikilizia wewe."

Sikumkata. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi nikitoka kazini, nilimnyoa kichwa na mashavu, nikiziacha ndevu za kidevu kama dini yake inavyomtaka. Maji ya visima vya hapa yana chumvi na hayatoi povu, kwa hiyo tuliweka mtungi mmoja wa maji ya mvua kwa kazi hiyo tu. Tukimaliza, Bi Zuhura alituletea kahawa chungu na tende, na mzee alinisimulia habari za watu ambao sikuwajua na ambao wengi wao wamekwisha kufa. Sitakuficha, Mama Mghoi: katika wiki nzima, hiyo ndiyo saa pekee ambayo mtu aliniambia, kaa.

Brashi yako haikuipenda hewa ya hapa. Haikukauka kamwe. Ilianza kunuka uvundo na kuacha nywele kwenye povu. Jumamosi moja mwezi uliopita nilikwenda Malindi kutafuta nyingine kama hiyo, nikaibeba ndani ya kisanduku chake ili nisiuziwe nyingine. Katika mitaa ya mji wa kale, upande wa Shella, kuna mfanyabiashara aitwaye Bwana Twalib anayeuza nyembe, vitana na manukato. Nikamwekea kisanduku mezani. Hakukigusa. Alikigeuza kwa ncha ya kalamu, akatazama kifuniko, akanitazama mimi.

"Hii hutaipata kwangu, bwana. Hizi ni nywele za nguruwe, na mwenyewe ndiye huyu pichani."

Ndipo nilipoiona pua yake. Nilifundisha watoto kuchora wanyama kwa miaka mingi, na nguruwe nimemwita nungunungu. Lakini si hilo lililonishtua. Nilikuwa nimempaka mzee wa watu nywele za nguruwe kichwani na mashavuni, Alhamisi baada ya Alhamisi, naye akaenda hivyo kusimama mbele ya Mungu wake. Kwetu hilo lisingekuwa neno. Kwao nguruwe, pamoja na mbwa, ni najisi iliyo nzito kuliko zote.

Bwana Twalib alidhani nimekasirika, akaniletea brashi za nailoni nichague. Alinionyesha nisizijaribu kiganjani, kwa maana kiganja cha mtu mzima ni kigumu, bali ndani ya kifundo cha mkono: nywele zipinde bila kuchoma. Moja ilichoma kama ya kusugulia sufuria, tukaiweka kando. Nyingine ilikuwa laini lakini nywele zake zilikuwa chache katikati. Ya tatu nilizivuta nywele kwa vidole viwili na hakuna iliyotoka. Ina mpini wa manjano, mzito kiasi cha kusimama wima. Nikaichukua hiyo.

Nilirudi kwa lori la chumvi, na njia nzima nilijishawishi ninyamaze. Mzee haoni vizuri. Ningeiweka mpya mahali pa ya zamani, na hakuna ambaye angejua. Na nikisema, ningepoteza saa ile moja niliyokuwa nayo. Lakini nilipowachapa watoto shuleni, niliwachapa kwa sababu ya kuficha kosa, si kwa kukosea. Nisingeweza kushika wembe juu ya koo la mtu ninayemficha jambo.

Alhamisi nilimwambia nikiwa nimesimama. "Mzee, brashi niliyokunyolea siku zote ni ya nywele za nguruwe. Sikujua. Nimejua Jumamosi."

Mkono wake wa kushoto ulikwenda kichwani, kisha akauondoa haraka kama aliyegusa moto. Alimwita binti yake, akainuliwa, akaingia ndani. Mlango ulirudishwa polepole. Afadhali ungebamizwa. Baada ya muda nilisikia maji yakimwagwa uani, nikahesabu bila kutaka: mara saba. Hiyo ndiyo sheria yao kwa najisi hiyo, mara saba, na moja iwe kwa udongo.

Wiki ile ikapita, na iliyofuata. Bi Zuhura aliniitikia salamu akiwa ametazama pembeni. Mzee alikodiwa gari akapelekwa Mambrui, akarudi, wala sikuambiwa alikwenda kwa nini. Nilianza kufunga vitabu vyangu, kwa sababu mpangaji mwenye adabu hangoji kufukuzwa.

Katika siku hizo nilijifunza kuitumia brashi ya nailoni, nikiwa peke yangu. Mwanzoni niliilowesha kama nilivyoilowesha yako, na povu likawa maji matupu, likanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Nailoni hainywi maji. Huchovywa, hukung'utwa mara mbili, kisha huzungushwa polepole juu ya sabuni, na povu huja ghafla, zito kama tui la kwanza. Shavuni haikandamizwi; kazi ni ya ncha tu. Ukiisha kuisuuza, kabla hujafunga vifungo vya shati imekwisha kukauka, hata katika hewa hii. Ni kifaa kizuri, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Nyumbani ulikuwa ukisimama mlangoni na kunionyesha kwa kidole mahali nilipopaacha. Hapa nilinyoa nikiutazama mlango usio na mtu.

Alhamisi ya tatu Bi Zuhura aligonga. Alisema baba yake ananiita, nije na brashi mpya, na kikombe, na wembe, na taulo, vyote. Nilimkuta mzee uani, ameketi juu ya kibao, mbele yake beseni, mtungi wa maji ya mvua na sahani ya udongo safi. Aliniambia niweke vitu vyangu ndani ya beseni na mikono yangu juu yake. Bi Zuhura aliinama achukue kata, lakini baba yake akamwambia amwachie.

Basi alinimwagia yeye mwenyewe, kwa mkono ule wa kushoto. Mara ya kwanza kwa udongo, kisha maji matupu, akihesabu kwa sauti. Nusu ya kata ilimwagika miguuni pangu, na maji ya mvua hapa si ya kuchezea. Hakuharakisha. Alipofika saba aliweka kata chini, akapumua. Akanieleza kwamba alikwenda Mambrui kumuuliza mwalimu wake kuhusu sala zake, akajibiwa kwamba asiyejua hana dhambi.

"Watu wawili waliniambia nikufukuze," akasema. "Nikawauliza, ni nani kati yenu angekuja kunieleza mwenyewe? Wakanywa kahawa yangu wakaenda zao."

Nikamnyoa. Povu la nailoni lilipomgusa kisogo alisema ni kama mkia wa paka, na kwamba amekwisha kuzoea kuteswa na ile nyingine. Nilipomaliza nikainama kumpangusa, naye akainua kidole chake cha kushoto, akanigusa chini ya taya, upande wa sikio.

"Hapa umeacha, Mwalimu."

Kweli nilikuwa nimeacha. Niliporudi chumbani nilikaa kitandani na kidole changu mahali hapo, sijui kwa muda gani.

Brashi yako nakuletea kwa dereva wa lori anayepita Voi. Ataiacha kwa shemeji yako. Si kwamba naikataa. Iweke dirishani mwa jiko, mahali penye jua, ikauke sawasawa. Kwa Mzee Aboud na kwangu hapa, nailoni inatosha. Yako nitaitumia nitakapokuja likizo, nawe usikae kitako, simama mlangoni.

Nisalimie mama mkwe, na umwambie dawa si uchawi. Msalimie kaka yangu mkubwa Mwakio, mwenye zizi la juu, na dada yangu anayeuza mboga sokoni Wundanyi. Mghoi, kifungua mimba wetu, aniandikie yeye mwenyewe, kwa wino, na aweke nukta zake. Mzee Aboud anakusalimu pia. Amesema mke aliyenunua brashi ile alikuwa na nia njema, ila hajui kutazama picha. Nilimjibu kwamba wewe angalau ulisema mbwa.

Ni mimi mumeo, ninayengoja habari ya goti,

Baba Mghoi