Sura Aliyoikataza Mama

Winnipeg,
19 Agosti

Kaka Baldur,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye moshi. Nilisikia redioni kwamba moto wa misitu umesogea karibu na Thompson, nikaingiwa na wasiwasi juu ya kifua chako, maana huko mgodini vumbi mnalovuta linatosha. Je, mnalala madirisha yakiwa yamefungwa? Wifi Colleen naye anaendeleaje na goti? Mwambie amsikilize daktari mpaka mwisho, asifanye kama anavyotusikiliza sisi. Huku tu wazima. Mama ni mzima pia, ila amekonda kidogo, na sababu yake ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Chumba cha binti yako Svava kiko tayari. Nimekipaka rangi upya, na ile harufu ya unyevu imekwisha, au nimeizoea. Ameshanionya kwamba yeye si mtu wa kuamka mapema, nikamwambia wanaosomea kuhudumia wagonjwa majumbani hawaulizwi wanapenda kuamka lini. Nilifurahi sana alipochagua chuo chetu. Bado nafurahi. Lakini tangu mwezi uliopita furaha yenyewe imechanganyika na mambo mengine, na mimi mwenyewe nimechanganyikiwa, ndiyo maana barua hii huenda ikaenda mbele na kurudi nyuma. Nivumilie.

Ningekupigia simu. Lakini kila ninapomtaja Baba kwenye simu unakumbuka ghafla kwamba kuna kitu unatengeneza gereji. Barua unaweza kuiweka mezani, ukaenda gereji, ukarudi, ukaikuta.

Unaijua kazi yangu, ingawa huwa unaicheka. Ulisema siku moja nalipwa mshahara kwa kusema "inategemea." Ni kweli. Walimu huja ofisini na vitabu mikononi, wanataka kuwatolea wanafunzi kopi, wananiuliza kama wanaruhusiwa. Zamani jibu lilikuwa jepesi: chuo kililipa ada kwa mwaka, kiasi fulani kwa kila mwanafunzi, fedha zikaenda kwenye chama kinachowakusanyia waandishi na wachapishaji haki zao, na sisi tukatoa kopi kwa amani. Baadaye chuo kikajitoa, kama vyuo vingi nchini. Wanasheria wetu walisema sheria inaruhusu kunakili sehemu ndogo ya kitabu kwa ajili ya masomo bila kulipa na bila kuomba. Waandishi wakasema huo ni wizi wenye tai shingoni. Kesi zikaenda mpaka juu kabisa, na vyuo havikulazimishwa kurudi kwenye ile ada. Kwa hiyo sasa sura moja ya kitabu ni bure. Sura ya pili unaomba ruhusa, na mara nyingi unalipa. Kwa nini sura moja iwe haki na mbili ziwe kosa, usiniulize mimi. Nawafundisha watu jambo hilo kila Septemba na bado silielewi.

Mwezi wa sita alikuja Mwalimu Ducharme, anayefundisha kozi ile ile atakayoisoma Svava. Ni mtu wa mzaha, huniita askari wa mashine ya fotokopi. Alikuwa na kitabu chembamba cha hadithi, kimeandikwa na mtu anayeitwa Anna Holm, kimechapishwa Selkirk na kampuni ndogo iliyokwisha kufungwa. Alitaka sura tatu. Sura aliyoipenda kuliko zote inamhusu mwanamke anayemuuguza mumewe nyumbani, mvuvi wa ziwani anayekufa kwa kansa ya mapafu. Mgonjwa hataki mtoto wao wa kiume aitwe. Siku ya mwisho anabadili mawazo, mke anainua simu, mtoto anasafiri kwenye theluji na kumkuta baba yake akiwa bado anapumua. Ducharme alisema hajawahi kusoma kitu kinachowaonyesha wanafunzi vizuri namna hiyo jinsi ya kuisikiliza familia ya mgonjwa.

Niliisoma, Baldur. Nikajisikia vibaya siku nzima bila kujua kwa nini. Nilijiambia ni kwa sababu Baba naye alikuwa mvuvi, alikufa kwa ugonjwa huo huo, wala wewe hukufika. Wavuvi wa ziwa hili waliokufa kwa mapafu ni wengi. Sikuwaza zaidi ya hapo. Nilimwambia Ducharme sura hiyo achukue bila kulipa, na hizo mbili nitamtafuta mwenye haki nimwombe.

Nikampata mjane wa mchapishaji, Bi Darka Melnyk. Kwenye simu alinipa vidonge vyangu kwanza. Alisema, "Nyinyi watu wa vyuo mliiua kampuni ya mume wangu polepole na kwa adabu. Mlikuwa mnalipa, mkaacha kulipa, na bado mnapiga simu kusema asante." Nilimwambia mimi ni mfanyakazi tu. Akasema hata aliyeacha kulipa alikuwa mfanyakazi tu. Kisha akapoa, akasema Anna Holm si jina la kweli, na mwenyewe hapendi kusumbuliwa, lakini huja kunywa naye kahawa kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Nikitaka nije, nimwombe ana kwa ana, na nisije na mkoba wa ofisi.

Nilikwenda Selkirk. Bi Darka ni mrefu, anatembea na fimbo, nyumba yake imejaa maboksi ya vitabu ambavyo havikuuzwa. Alinikaribisha, akanimiminia kahawa, akaanza tena habari za ada, kwamba Anna alikuwa akipata hundi kila vuli kutoka kwa kile chama, si kubwa, lakini mwaka mmoja ilimnunulia matairi ya theluji, na sasa haitoshi hata betri. Nilikuwa naitikia kwa kichwa. Mlango wa nyuma ukafunguliwa bila hodi, na sauti ikasema, "Darka, nimeleta keki, ila tabaka la chini limeungua kidogo, usiseme."

Nilikuwa naijua sauti hiyo kabla sijageuka. Alikuwa Mama.

Alisimama na ile sahani yake ya bluu mikononi. Bi Darka akaanza kututambulisha, akasema huyu ni bibi wa chuoni anayetaka sura zako. Mama akasema, "Namjua. Nilimzaa." Kisha akaketi, akakata keki, akatugawia, kama vile tuko nyumbani Gimli siku ya Jumapili. Mimi nilikula. Sijui kwa nini nilikula.

Nilimuuliza maswali mengi kwa pamoja, na mengine yalikuwa ya kijinga. Nilimuuliza kama ana risiti za mrabaha. Akasema alianza kuandika majira ya baridi yaliyofuata kifo cha Baba, mchana, pale maktaba alipokuwa akijitolea, sisi tukidhani anapanga vitabu. Alituficha kwa sababu nyumba ni ndogo na ziwa lina masikio. Nikamweleza shida ya Ducharme. Nilidhani atafurahi. Akasema zile sura mbili nyingine chuo kizichukue, kilipe kinachotaka au kisilipe. Ile moja ya mvuvi, hapana. "Hiyo msiiguse."

Sasa fikiri nilikuwa katika hali gani. Sura mbili tunazotakiwa kuomba, anatupa. Sura moja tusiyotakiwa kuomba, anaikataza, na kwa sheria ninayoisimamia mimi kukataza kwake hakuna nguvu yoyote. Ilibidi nimwambie mama yangu, mbele ya keki yake, kwamba maneno yake yanaweza kuchukuliwa apende asipende. Bi Darka alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia Mama, "Unaona, Gudny? Nilikuambia kila mwaka." Mama hakucheka. Aliniuliza, "Kwa hiyo kile nilichokitunga ni cha kila mtu, lakini kisa chenyewe ni changu peke yangu?" Nikamwambia inategemea. Nilitamani ardhi inimeze.

Tulirudi Gimli kwa gari langu. Baada ya kupita njia panda ya Winnipeg Beach aliniambia nisimamishe gari pembeni, nikasimama kando ya shamba la kanola lililojaa maua ya manjano. Hapo ndipo aliponieleza kwa nini. Nitaandika kama alivyosema, Baldur, kwa sababu nimemwomba ruhusa na ameitoa.

Unakumbuka Mama alikuambia ni homa ya mapafu tu, usijisumbue. Hayo yalikuwa maneno ya Baba. Alimwapisha Mama akuambie hivyo. Alisema, "Mwache Baldur anikumbuke nikivuta nyavu, asinikumbuke nikilishwa uji." Hakuwa na hasira na wewe kwa kuacha mashua na kwenda mgodini. Mama anasema hasira hiyo iliisha siku ulipotuma picha ya nyumba yenu ya kwanza. Baba aliiweka kwenye kioo cha gari. Kwa hiyo lile neno la mjomba Stefan mazikoni, kwamba Baba alikufa akiuangalia mlango, umelibeba miaka kumi na sita vibaya. Au si vibaya kabisa. Hapa ndipo ninapochanganyikiwa.

Kwa sababu siku ya mwisho, asubuhi, Baba alibadili mawazo. Alisema, "Gudny, muite kijana." Mama alikwenda jikoni akainua simu. Redio ilikuwa inasema barabara ya kaskazini imefungwa, theluji inapiga, malori mawili yamepinduka. Alikujua. Alijua kwamba ungeingia kwenye lile gari lako bovu na kuendesha njia nzima. Aliniambia, "Nilikuwa na mume anayekufa, sikutaka na mtoto." Akairudisha simu mahali pake. Akarudi chumbani akamwambia Baba kwamba unakuja. Baba akauangalia mlango mpaka jioni.

Katika kitabu, mwanamke anapiga simu na mtoto anafika. Mama anasema aliandika hivyo ili aone ingekuwaje, na kila alipoisoma aliona haya zaidi. Hajali mtu kumnakili. Anachojali ni kwamba watu watakaa darasani, Svava akiwa mmoja wao, wafundishwe kwamba mwanamke yule alifanya vizuri.

Nilikaa na usukani mkononi nikakasirika. Sikujua namkasirikia nani. Kwanza nilimkasirikia yeye, kwa niaba yako. Kisha nikakumbuka lile gari lako, milango iliyofungwa kwa kamba, nikaona mazishi mawili. Kisha nikamwona Baba na ule mlango. Nilizunguka hivyo mara nyingi, na leo bado nazunguka. Nikikuambia Mama alikosea, sitakuwa mkweli. Nikikuambia alifanya sawa, pia sitakuwa mkweli.

Jumatatu nilimweleza Mwalimu Ducharme kidogo tu, kwamba mwandishi amepatikana na hataki ile sura itumike. Akasema sheria iko upande wake lakini hatafundisha kitu kwa kumnyang'anya mtu, akaniomba nimwambie mwandishi hivyo. Nilimpelekea Mama habari hiyo nikidhani yamekwisha. Mama akakaa nayo kwa wiki. Kisha akanipigia, akasema amebadili mawazo: waisome, ila yeye mwenyewe aje darasani baada ya hapo, asimame na kuwaambia simu haikupigwa. Anataka wajue inavyokuwa kweli, mkono ukiwa juu ya simu. Ducharme amekubali. Amempangia siku mwishoni mwa Septemba, na chuo kitamlipa posho ya mgeni, ambayo ni zaidi ya hundi zote alizopata kwa sura hiyo. Hilo nalo silielewi.

Lakini Mama hatasimama mbele ya binti yako kabla wewe hujajua. Alijaribu kukuandikia, akaweza jina lako tu. Akaniambia, "Andika wewe, kazi yako ni kuwaomba watu ruhusa." Basi naomba. Ukikataa, hatakuja, na ile sura haitasomwa, Ducharme amenihakikishia. Svava hajui lolote. Sitamwambia mimi.

Kaka, sikulazimishi kumsamehe wala kumpigia. Kuna swali moja tu Mama alitaka nikuulize, na alilirudia mara mbili ili nisilikosee. Anauliza kama angekupigia asubuhi ile, ungesubiri barabara ifunguliwe? Nilimwambia jibu nalijua. Akasema hata yeye analijua, amekuwa akilijua siku zote, lakini hajawahi kulisikia kutoka kwako, na sasa anataka kulisikia, lolote litakalokuwa.

Msalimie wifi Colleen, na majirani zenu wa ng'ambo ya barabara waliotupa ile nyama ya paa. Mwambie Svava alete koti lake zito hata kama anaona aibu nalo. Na wewe ukimaliza kusoma, nenda tu gereji. Hatutasikitika. Namba ya Mama ni ile ile, na siku hizi mchana hatoki nyumbani.

Dada yako akupendaye,
Thora