Mkono Unaosubiri Nyundo

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, na naomba barua hii ikukute hivyo hivyo, goti lako likiwa limepunguza ukaidi. Mama hajambo? Na mdogo wangu, bado anaacha chai ipoe akichezea simu?

Usimgombeze kwa hiyo simu. Ndiye aliyeiegesha karakanani akaanza kukurekodi ukivika makochi vitambaa vipya, akaweka video mtandaoni watu wajifunze. Ya kwanza alinitumia ili nicheke. Nilicheka kweli, maana uliisalimia simu kwa adabu kama umekutana na mkwe. Kisha nikaitazama tena, na tangu hapo hakuna niliyoikosa.

Huku kazi ni ile ile ya kukunja mashuka ya hoteli. Mashine zinanguruma kutwa nzima, hata salamu tunapeana kwa nyusi. Nikirudi chumbani sina wa kumwambia hata kwamba mvua imenyesha. Wewe unawaambia majirani kwamba nimezungukwa na marafiki. Maneno hayo uliyapata kwangu, Baba, na nilikudanganya ili usikose usingizi.

Basi niliokota kiti kilichotupwa nje ya jengo letu, sponji imechomoza, nikaanza kukitengeneza kwa kufuata video zako. Nimekulia karakanani, lakini kazi yangu ilikuwa kukupa vifaa tu. Kitambaa kikanishinda. Kila nikikivuta, kinakwenda upande. Nikaandika swali chini ya video, nikajiita Mwanafunzi wa Mbali.

Ndiyo, yule msumbufu ni mimi. Wewe ukaamua ni mzee mstaafu, ukamjibu kwa upole kwamba kitambaa hakivutwi na mtu mmoja, amwite mkewe amshikie upande wa pili. Nilicheka mpaka nikalia. Sikuwa na wa kunishikia. Upande wa pili niliufunga kwenye mguu wa kitanda.

Ila kuna jambo limenishinda kuliko kitambaa. Katika kila video, ukiwa umeinamia kochi, unanyoosha mkono nyuma bila kutazama, kama zamani nilipokuwa nakupa nyundo. Mkono unakaa pale, mtupu. Halafu unakumbuka, unajikongoja na hilo goti kuifuata mwenyewe. Siku moja nilijikuta nimeinyooshea simu nyundo yangu.

Mkataba wangu umekwisha. Wamenitaka niongeze, nimekataa, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Kiti nimemwachia mlinzi wa jengo. Amekikalia, hajaanguka. Mimi naja nyumbani. Siku yoyote baada ya kusoma barua hii, ukinyoosha mkono karakanani, usiinuke upesi. Subiri kidogo.

Mpe Mama salamu zangu nyingi, na mdogo wangu mwambie asizime simu.

Ni mimi binti yako,
yule mzee mstaafu asiye na mke.